Modeli ya mikopo inapingana na afisa mikopo, kanuni zake niziweke wapi?

kokoto_data: Wakuu habari. Nina kazi ya saccos moja huku Nyanda za Juu Kusini, wanachama wengi wakulima wa mahindi, nimepewa data ya mikopo ya nyuma nitengeneze modeli ya kubashiri nani atachelewesha marejesho. Nimetumia XGBoost (programu inayojifunza kubashiri kutoka data ya nyuma), kwenye majaribio inafanya vizuri tu, shida inasema mwenye wadhamini wanne ni hatari kuliko mwenye wawili!! Afisa mikopo wao, mama wa siku nyingi kwenye hiyo kazi, alipoona akafunga daftari akasema hiki kitu hakijui watu. Sasa kanuni zake za kuamua nani akopeshwe niziweke kabla ya modeli, baada, au ndani?

Fundi Tebo: Zitenganishe kwanza mkuu. Kilichoandikwa kwenye masharti ya chama, mfano mkopo usizidi mara tatu ya akiba, hakihitaji kujifunzwa, kiweke mbele ya modeli, asiyepita hapo hafiki huko. Yale ya uzoefu ndo uyaingize ndani. XGBoost ina monotone_constraints, unaiambia akiba ikiongezeka hatari isipande.

bintiwamahesabu: Ila kwenye wadhamini usikimbilie kulazimisha. Muulize huyo mama wadhamini wanne huwa anamdai nani. Nahisi ni wale anaowatilia shaka, kwa hiyo modeli haijakosea hesabu, imesoma shaka yake yeye. Na aliowanyima kabisa hawamo kwenye data, ukitoa kanuni zake leo wote hao wanaingia na modeli haijawahi kuwaona.

Mzee wa Mafaili: Na usimwambie akutajie kanuni, hatazimaliza. Mpelekee mafaili 20 ya zamani, ficha matokeo, asome akuambie anaangalia nini kwanza.

kokoto_data: Nimerudi wadau, jana nimekaa naye asubuhi hadi saa nane. Wadhamini ni kweli kabisa, wanne ni kwa wageni na waliowahi kusumbua. Ila kila faili anaanza na tarehe ya kuchukua mkopo, sio kipato! Aliyekopa Novemba wakati wa kupanda, Februari hana hela, anasubiri mahindi ya Juni Julai, na mfumo ushamwandika mchelewaji maana rejesho ni la kila mwezi. Yaani nilikuwa naifundisha modeli kwamba kulima ni kosa. Nimeongeza safu ya miezi iliyobaki hadi mavuno, na mchelewaji sasa namhesabu baada ya kuvuna. Kesho narudi na mafaili ya wakulima wa viazi, anasema tarehe zao ni tofauti kabisa.