Ukuta wa lubugo unaofuata mpita njia: nguzo za mwisho zinageuka machungwa, sensa zinadanganya

msanii_kamwokya
Salamu wakuu. Ukuta ni mita 6 kwa 2, kichochoroni Kamwokya, Kampala. Mbele ni lubugo (kitambaa cha gome la mti) kwenye fremu. Nyuma yake nguzo 5 za mwanga, kila moja mita 2 za ukanda wa taa za LED aina ya WS2812B (volti 5, taa 60 kwa mita), zote zimeungwa mfululizo. Kidhibiti ni ESP32, sensa ni HC-SR501 tatu, pawasaplai ni ya volti 5, ampea 20. Mtu akipita, mwanga unatakiwa umfuate.

Nyeupe inageuka machungwa kuanzia nguzo ya pili. Ukuta unajiwasha wenyewe alasiri, na usiku pia. Mtu akisimama kutazama, unazima na haumwoni tena papo hapo. Boda hupita umbali wa mita 5, na umeme hukatika mara kwa mara. Tuanzie wapi?

Solda240
Anzeni na umeme. Taa moja ya WS2812B ikiwaka nyeupe kamili hula takriban miliampea 60. Zenu ni 600, yaani ampea 36, na mnazo 20. Ila msikimbilie kununua pawasaplai kubwa, maana rangi itaendelea kugeuka. Shaba iliyo ndani ya ukanda ni nyembamba, volti inapotea njiani, na taa ya bluu na ya kijani ndizo zinazohitaji volti nyingi zaidi. Zinafifia kwanza, nyekundu inabaki peke yake.

Kila nguzo ipate waya wake wa umeme, na kwenye programu mwangaza uwekewe kikomo cha asilimia 30. Hapo jumla inashuka hadi ampea 11 hivi, na pawasaplai mliyonayo inatosha. Usiku kichochoroni asilimia 30 ni mwanga mwingi tu.

Data nayo: ESP32 inatoa volti 3.3, ilhali ukanda wa volti 5 unataka angalau 3.5. Siku nyingine utakubali, siku nyingine taa zitachezacheza. Wekeni 74AHCT125 (chipu ya kupandisha volti ya data) katikati, rezista ya ohm 330 karibu na taa ya kwanza, na kapasita ya mikrofaradi 1000 pale umeme unapoingilia. Hasi zote ziungwe pamoja. Hili husahaulika kuliko yote.

Kwa siku umeme unapokatika: betri ya LiFePO4 ya volti 12.8, Ah 50, ina wati-saa 640. Pitisheni volti 12 ukutani kote, kisha kila nguzo iwe na kishusha-volti chake cha volti 5, ampea 5, na fyuzi yake. Chagueni kinachovumilia volti 15, kwa sababu betri hiyo ikichajiwa hupanda hadi 14.4 au zaidi. Nguzo mbili zikiwaka kwa pamoja, mfumo mzima hula kama wati 30. Saa 5 kwa usiku ni wati-saa 150. Mchana kateni umeme wa kanda kwa relei, maana taa 600 zilizozimwa bado hula takriban wati 3.

rada_ntinda
HC-SR501 haimwoni mtu, inaona joto linalosogea. Lubugo iliyopigwa na jua la alasiri ikitikiswa na upepo, kwake ni mtu. Usiku ni buibui au mjusi kwenye lenzi, au redio ya ESP32 iliyofungwa karibu nayo mno. Tena ikishazima hujifungia kwa sekunde 2 hadi 3, ndiyo maana "haimwoni".

Tumieni rada ya LD2410. Inamtambua hata aliyesimama. Umbali wake umegawanywa kwa malango ya mita 0.75, mkikomea lango la 4 mnapata kama mita 3, boda za mita 5 zinabaki nje. Punguzeni usikivu wa lango la 0 na la 1, la sivyo itaikamata lubugo yenyewe.

Solda240
Sawa kwa kutambua, si kwa kufuata. LD2410 inatazama nyuzi 60 kila upande. Ukipanga tatu ukutani, mtu mmoja atawasha zote tatu.

rada_ntinda
Kweli, hapo nilipitiwa. Basi rada ya LD2450 moja katikati: inatoa mahali walipo watu hadi watatu, kwa x na y, hadi mita 6. Udhaifu wake ni kwamba anayetulia huweza kumpotea, kwa hiyo ibakizeni LD2410 moja, mguu wake wa OUT (wa kutoa ishara) useme tu "bado yupo". LD2450 huzungumza kwa kasi ya biti 256000 kwa sekunde. Iwekeni kwenye UART halisi (mlango wa data) ya ESP32.

fremu_na_rangi
Ssebo, lubugo ni ya kahawia: inameza bluu. Pangeni rangi za kaharabu na nyeupe ya joto, hata umeme mtaokoa. Pia mwanga wa bluu na mweupe mkali huita wadudu, na Novemba, msimu wa nsenene (panzi), mtaufagia ukuta kila asubuhi.

Lubugo ikilowa hulegea na kuota ukungu. Wekeni polikaboneti (plastiki ngumu angavu) ya mm 3 mbele na kijipaa cha sentimita 30 juu, ambacho pia kitapokea kinyesi cha makalooli, wale korongo wakubwa. Rada ikae chini ya kijipaa hicho, kwa sababu maji yanayotiririka mbele yake huleta ishara za uongo. Fremu mnaweza kuchomelewa na mafundi wa Katwe. Boksi la vifaa matundu yawe chini, na kila waya upinde kwenda chini kabla ya kuingia, matone yaangukie nje.

msanii_kamwokya
Asanteni. Na kamera badala ya rada? Na sensa ya mwanga ya kuwasha jioni?

rada_ntinda
Kamera itahitaji taa usiku, na ukipiga sura za wapita njia unaingia kwenye Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Rada haijui sura ya mtu. Sensa ya mwanga acheni, itadanganywa na taa za boda. Hapa tuko karibu na ikweta: Kampala jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache mwaka mzima. Saa ya DS3231 yenye betri yake ndogo inatosha: washa saa moja, zima saa sita.