Gauri na mwasumini: vinalinganishwaje?

Mwanafunzi, Tabora: Shikamooni walimu. Naomba kuelezwa jinsi gauri, ng'ombe-mwitu wa Asia, anavyolinganishwa na mwasumini, kichaka chenye maua meupe yanayonukia ambacho bibi yangu amekiotesha uani.

Mwalimu, Ujiji: Marahaba, mwanangu. Anza na chakula: mwasumini hujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni, ilhali gauri, ambaye dume lake laweza kuzidi kilo 900, hula nyasi na majani, akitegemea bakteria wa tumboni kuvunja selulosi, yaani nyuzi ngumu za mimea, asiyoweza kuimeng'enya mwenyewe. Seli za wote wawili zina kiini.

Mfugaji, Urambo: Naongeza kuwa gauri hucheua kama ng'ombe wetu na huzaa ndama mmoja kwa kawaida, lakini mwasumini huoteshwa hata kwa kipande cha tawi.