Mabati ya bodi kwenye gari la kujiundia: ribiti, gundi au vyote?

Mwanabodi_Tg: Wakuu habari za jioni. Chesisi ya mtindo wa Lotus Seven (gari dogo la wazi la michezo) imekamilika, Jumamosi naingia dukani kununua vifaa vya kufungia bodi. Ribiti (pini za kubania bati) tupu, gundi tupu au vyote viwili?

SpanaKumi: Mkuu umetaja nusu. Bati unene gani? Ukuta wa pipe je? Chesisi umepaka nini? Na uko wapi, maana Tanga si Iringa.

Mwanabodi_Tg: Samahani mkuu. Skwea pipe 25 mm, ukuta 1.6. Alumini 1.2 mm ubavuni na sakafuni. Pua na madigadi ni fibaglasi. Rangi bado. Niko Tanga mjini.

SpanaKumi: Sakafu ya alumini 1.2 sahau. Pale panabeba kiti na panaizuia chesisi isijisokote. Weka chuma 1.2, uchomelee kwa vipande vya 25 mm kila baada ya 100 mm, ukirukaruka pande ili bati lisipinde. Ubavuni: praima (rangi ya chini) ya epoksi kwanza, halafu gundi ya poliyurethani pamoja na ribiti za alumini 4.0 × 8, tundu 4.1, nafasi 75 mm. Toboa zote bila gundi, toa bati, kwangua vinyweleo (ncha kali) vya tundu, ndipo upake gundi.

GundiTupu: Ribiti za nini zama hizi? Lotus Elise toka 1996 chesisi yake imegundishwa. Msasa namba 120, asetoni, praima, mstari wa gundi 2 mm, bana siku mbili. Ubavu unabaki laini kama kioo.

SpanaKumi: Elise ni alumini kwa alumini, imeandaliwa kiwandani na epoksi ikaivishwa kwa joto. Huyu anagundisha juu ya rangi. Rangi ikiachia chuma, bati linaondoka nayo.

Bi_Msasa: Kaka zangu, mnasahau chumvi. Kuna gari la aina hii lililetwa gereji kufunguliwa: ribiti za stenlesi (chuma kisichoshika kutu), bati tupu la alumini juu ya chuma kilichopakwa koti moja jembamba. Kila kichwa cha ribiti kilizungukwa na unga mweupe, na tundu za 4 mm zilikuwa zimeliwa hadi umbo la yai. Ukibonyeza bati kwa kidole, linacheza. Kuzitoa ndiyo balaa, maana stenlesi ni ngumu kuliko alumini inayoishika, kwa hiyo ribiti inazunguka na drili na kupanua tundu zaidi. Bati zima likatupwa. Metali tatu na unyevu wa bahari, anayeliwa ni alumini. Kosa la pili, fundi alianza kupiga ribiti ncha zote mbili, akamalizia katikati. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Bati la mita 1.5 likipanda nyuzi 40 linaizidi chesisi kama 0.7 mm. Halina pa kwenda, linavimba. Anzia katikati uelekee nje.

Kitasa77: Stenlesi zina nguvu lakini. Chovya kila moja kwenye gundi, tatizo hamna.

Bi_Msasa: Nguvu ya nini ubavuni, kaka? Pale ribiti ya alumini inatosha.

Kitasa77: Na fibaglasi usithubutu kuipiga ribiti, itapasuka kuzunguka tundu. Weka nati za ribiti (nati zinazobanwa ndani ya tundu kama ribiti) M6 kwenye chesisi, tundu 9 mm. Kwenye fibaglasi toboa 8, weka washa pana na mpira chini yake.

Mwanabodi_Tg: Asanteni. Boneti nayo mnashauri lachi (kifungio) gani? Nataka ikae juu ya ekzosi bila kugusa.

GundiTupu: Kwani ekzosi inapita wapi?

Mwanabodi_Tg: Inatokea ubavuni kushoto, inafuata bati hadi nyuma. Nafasi kama sentimita 3.

SpanaKumi: Haya, sasa ndiyo unasema! Gundi hizo nyingi zinakomea joto la nyuzi 90. Upande wa kushoto tuanze upya.