Naomba ushauri: kuwafundisha askari wapya wa zimamoto ajali za kemikali
Wakuu, habari za kazi. Niko kituo cha zimamoto kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Nimepewa vijana 12 niwafundishe ajali za kemikali, siku mbili tu.

Hapa hupita petroli, salfa na tindikali za kwenda migodi ya shaba Zambia na Kongo. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019 hatujaisahau: lori la mafuta lililipuka, wakafa watu zaidi ya 100.

Juzi kwenye zoezi kijana mmoja aliruka kutoka kwenye gari, akabeba mpira wa maji, mbio hadi kwenye tanki huku upepo ukitoka huko ukimpiga usoni. Kibao cha rangi ya chungwa, kile cha namba ya kemikali iliyomo, kiliandikwa 1830. Hakukitazama kabisa. Hiyo ni asidi ya salfuriki; ukiirushia maji inachemka na kuruka. Ni kijana jasiri, ndiyo maana naogopa.

Nianze na namba za vibao, au kwanza niwazoeze kusimama mbali, upepo ukiwa mgongoni, na kusoma kwa darubini? Mavazi ya kemikali hatuna. Mliowahi kufundisha bila vifaa, mlitumia mazoezi gani?