Mpwa wangu ana divisheni ya pili ya pointi 12 lakini ameachwa ualimu awamu ya kwanza. Vyuo vinachaguaje?

Mjomba wa Mahuta:

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mkulima wa korosho huku Tandahimba. Leo ni siku ya nne silali vizuri, naomba anayelijua jambo hili anieleweshe.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tano, na watu wa Kusini mnajua, kwetu mjomba hamwachi mtoto wa dada yake. Mwaka huu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGK. Historia C, Kiswahili D, Jiografia E. Divisheni ya pili, pointi 12. Siku matokeo yalipotoka dada yangu alilia mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba.

Tangu yuko kidato cha pili anautaka ualimu. Shule ya kata aliyosoma ilikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa Kiswahili, yeye ndiye akawa anasimama mbele kuwasomea wenzake riwaya kwa sauti. Kwa hiyo naomba msinishauri nimbadilishie kozi, hilo ameshaamua.

Dirisha la maombi lilipofunguliwa alikuwa kambini JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Nikachukua vyeti vyake na namba zake za mitihani, nikaenda steshenari, kijana wa pale akanijazia. Vyuo vitatu, vyote vikubwa, Dar na Dodoma. Kila chuo elfu kumi. Kote tuliweka Shahada ya Sanaa na Ualimu. Majina yametoka, hayumo hata kimoja.

Kinachoniuma, mtoto wa jirani ana divisheni ya tatu ya pointi 13, ualimu huohuo, tena kachaguliwa kwenye mojawapo ya vyuo vilevile tulivyoomba sisi. Watu wananiambia TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka pointi 4 tu, wetu anazo 12, basi ameonewa. Na juzi kanipigia mtu nisiyemjua, anajua jina la binti na kozi aliyoomba. Anasema ana mwenzake ndani ya chuo, nitume laki na nusu jina liingie awamu ya pili. Hela hiyo sina mpaka minada ya korosho ianze Oktoba, lakini kama ndiyo njia nitakopa.

Wanachaguaje hawa? Kuna mkono wa mtu?

Bi Somoe:

Kaka yangu, nimesoma mpaka mwisho nikashika kifua. Usitume hata mia. Mdogo wangu alitumiwa ujumbe wa namna hiyo mwaka juzi, akatuma elfu themanini, namba ikazimwa jioni ileile. Subiri wenye ujuzi wakueleze.

Meza ya Udahili:

Pole mzee wangu. Nimefanya kazi ya udahili miaka kadhaa kabla ya kustaafu, ngoja nikueleze taratibu, maana penye giza ndipo matapeli wanapopata chakula.

Kwanza pointi. Umechanganya hesabu mbili, na karibu kila mzazi huzichanganya. Kwenye divisheni ya baraza la mitihani, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Huko ndogo ndiyo nzuri. Binti ana C, D na E: 3 na 4 na 5, ndiyo hiyo 12. Kwenye udahili wa chuo hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Huko kubwa ndiyo nzuri. TCU inataka ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla isiyopungua 4.0. Masomo mawili bora ya binti ni Historia na Kiswahili, 3 na 2, jumla 5. General Studies, lile somo la ziada, haiingii kwenye hesabu hii. Kwa hiyo sifa anayo, kaivuka kwa pointi moja. Hizo 12 zisahau kabisa ukiongea habari za chuo.

Sasa mtoto wa jirani. Divisheni ya tatu ya 13 inaweza kupatikana kwa B, D na F: 2 na 4 na 7. Kwenye masomo mawili bora huyo ana 4 na 2, jumla 6. Anampita binti yako, ingawa divisheni yake ni ya chini! Sisemi ndivyo alivyopata, muulize. Ila ujue divisheni haikai mezani pale majina yanapopangwa.

Kupangwa kwenyewe kuko hivi. Mpaka 2016 waombaji wote walipita mfumo mmoja wa TCU. Tangu 2017 unaomba chuoni moja kwa moja, na kila chuo kinapanga foleni yake. Dirisha likifungwa, wasio na sifa wanachujwa. Kwenye ualimu kuna chujio la pili ambalo wengi hawalijui: masomo uliyofaulu lazima yawe yale ya kufundishia yanayotajwa kwenye kozi hiyo. Wanaobaki wanapangwa kwa ufaulu kutoka juu, na mstari unakatwa nafasi zinapoisha. Halafu orodha inapelekwa TCU kuhakikiwa ndipo itangazwe.

Pointi 4 ni mlango wa kuingia uwanjani. Ukishaingia unashindana na waliomo. Kwenye chuo kikubwa cha Dar, Historia na Kiswahili ni masomo yanayokimbiliwa na wengi wenye HGK na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) nchini. Mwenye 5 huko anaweza kusimama nyuma ya watu wengi wenye 7 na 8. Chuo kingine kozi ileile ina waombaji wachache, mwenye 4 anaingia. Wala si kwamba huyu kapendelewa na yule kaonewa.

Na huyo mwenye laki na nusu: hata angekuwa na ndugu yake ofisini, jina lazima lipite TCU. Hana cha kukuuzia.

Kijana wa Likombe:

Mimi niseme ukweli hata kama mjomba kakataza. Nina kaka yangu ana shahada ya ualimu tangu 2019, mpaka leo yuko Mtwara mjini anauza vifaa vya simu. Sasa hivi hata ajira za walimu zina usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Masomo ya sanaa wamejaa. Mnampeleka binti akakae miaka mitatu halafu arudi nyumbani?

Mwalimu wa Nachingwea:

Mdogo wangu wa Likombe, uchungu wa kaka yako nauelewa, na ni kweli wa sanaa ni wengi kuliko wa fizikia na hisabati. Lakini mjomba ameuliza namna ya kuchaguliwa. Binti aliyesimama kuwasomea wenzake wakati darasa halina mwalimu, mimi huyo simwambii aache.

Nikuongezee yangu, mjomba. Nilimaliza kidato cha sita 2015, ule wakati wa madaraja ya A, B+, B, C, D. Sisi wa 2014 na 2015 tunatakiwa C mbili ndiyo zifike pointi 4, maana C yetu inahesabiwa 2 na D ni 1. Mimi nilikuwa na C moja na D mbili. Mlango ulifungwa kabisa, si kwamba nilishindana nikashindwa. Nikaenda chuo cha ualimu, stashahada, miaka miwili. Mwenye stashahada ya ualimu anaingia shahada akiwa na wastani wa B, pamoja na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne. Nikaupata huo wastani, nikaomba upya nikiwa nafundisha, nimemaliza shahada kupitia Chuo Kikuu Huria huku nikiendelea na kazi. Njia hiyo ni ndefu ila ipo, hata kwa binti, kama mambo yote yakikataa. Bado hajafika huko. Ana pointi 5, nami sikuwa nazo.

Swali moja: mmeingia kwenye akaunti zake mkaona kumeandikwa nini? Kukosa kuchaguliwa ni jambo moja, na ombi kutofika ni jambo jingine.

Mjomba wa Mahuta:

Nawashukuru sana. Mzee wa Udahili, nimesoma maelezo yako mara tatu na nimemsomea dada. Mtoto wa jirani nimemuuliza: ana B ya Jiografia, D ya Historia, F ya Uchumi. Kama ulikuwepo! Nimemwomba radhi baba yake kimoyomoyo, maana nilishaanza kuwaza mabaya.

Mwalimu, akaunti hatujawahi kuziona. Binti ametoka kambini juzi, kesho tunaenda pamoja steshenari.

Mjomba wa Mahuta:

Nimerudi. Nina mambo mawili na yote yamenikalia moyoni.

La kwanza, kati ya vyuo vitatu, kimoja ombi halikutumwa. Malipo yameonekana, masomo yamejazwa, lakini kitufe cha mwisho cha kutuma hakikubonyezwa. Limekaa vile tangu Julai.

La pili, namba ya simu kwenye akaunti zote tatu si ya binti wala yangu. Ni ya kijana wa steshenari. Anasema huwa anaweka yake ili ujumbe usipotee. Na hapo ndipo nilipoelewa yule tapeli aliijuaje kozi ya mpwa wangu. Sina ushahidi kwamba ni kijana huyu, simshitaki, lakini taarifa za mtoto nilizigawa mimi mwenyewe bila kujua.

Binti hajanilaumu. Kaniambia tu, "Mjomba, awamu ya pili nijaze mwenyewe."

Meza ya Udahili:

Ana akili huyo binti, mwache ajaze.

Badilisheni namba ya simu leo hii, na nywila pia. Si kwa sababu ya tapeli peke yake. Mtu akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa kuthibitisha anakokwenda, na namba ya siri ya kuthibitishia inakuja kwa ujumbe kwenye simu iliyosajiliwa. Nimeona watoto wamechaguliwa vyuo viwili, namba ya siri imelala kwenye simu ya mtu mwingine mpaka muda wa kuthibitisha ukapita.

Kuhusu vyuo, msirudie orodha ileile. Pakueni mwongozo wa udahili wa TCU, ule wa wenye sifa za kidato cha sita, maana wa stashahada ni kitabu kingine. Kila kozi imeandikwa masomo inayotaka na idadi ya nafasi. Halafu awamu ya pili kila chuo kinatangaza kozi ambazo bado zina nafasi. Linganisheni hizo mbili. Chuo kimoja anachokitamani kiwekeni, binti asivunjike moyo, lakini kingine kiwe ambacho pointi 5 zina nguvu. Na mnao mlangoni: Stella Maris hapo Mtwara, chuo kishiriki cha Mtakatifu Augustino, wana Shahada ya Sanaa na Ualimu.

Mkopo mliomba?

Mjomba wa Mahuta:

Mkopo tuliomba mapema, kabla hajaenda kambini. Cheti cha kuzaliwa na cha kifo cha baba yake vyote vilihakikiwa RITA, ofisi ya vizazi na vifo. Hilo alilisimamia mwalimu wake mkuu, Mungu ambariki.

Meza ya Udahili:

Vizuri sana. Basi angalieni jambo moja dogo: Bodi ya Mikopo inamtambua kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Hakikisheni namba hiyo na mpangilio wa majina ndivyo vilivyo kwenye maombi ya chuo. Ikitofautiana tarakimu moja, atakuwa na chuo na fomu ya mkopo lakini havionani.

Naliendele 2:

Shikamoo mjomba. Mimi niko Stella Maris mwaka wa pili, Historia na Kiswahili. Niliingia na D mbili, pointi 4 kamili, tena awamu ya pili. Kwetu ni Nanyamba. Nilivyoachwa awamu ya kwanza nilijifungia ndani siku mbili, kwa hiyo namwelewa huyo dada. Mwambie kuchaguliwa awamu ya pili hakuandikwi popote. Darasani tumekaa na waliotangulia, mazoezi ya kufundisha tunakwenda sawa. Mimi nilipangiwa shule ya kata, vipindi vya Kiswahili vilikuwa vinamsubiri mtu.

Na akija Mtwara, chumba atafute mapema kabla chuo hakijafunguliwa, baadaye vinapanda.

Bi Somoe:

Mwanangu wa Nanyamba umenitoa machozi. Mjomba, usisahau kuturudia.

Mjomba wa Mahuta:

Marahaba mwanangu, na Mungu akusaidie umalize salama.

Ndugu zangu, jana jioni tumekaa barazani, binti, mama yake na mimi. Amefungua mwongozo kwenye simu, akasoma kozi moja moja kwa sauti, mama yake anauliza, yeye anajibu. Dada yangu hakusoma zaidi ya darasa la saba lakini ndiye aliyeuliza, "Hapa wanataka masomo gani, na nafasi ngapi?" Wameweka vyuo vitatu: Stella Maris, kimoja Iringa na kimoja Dar es Salaam. Iringa nilisita kwa ajili ya umbali, dada kasema aende popote atakapopata.

Yule wa laki na nusu kapiga tena leo asubuhi. Nimempa simu binti, akamuuliza, "Masomo yangu mawili bora ni yapi na jumla yake pointi ngapi?" Akakata.

Kitufe cha mwisho kabonyeza mwenyewe saa tatu usiku, mara tatu kwa vyuo vitatu, na kila mara ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Dada yangu akaomba asomewe wote, wa kwanza mpaka wa tatu.