MREJESHO: Kuhama Mikindani kwenda Chuno, na lile kabati

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliomba ushauri wa kuhama Mikindani kuja Chuno, Mtwara mjini, na watoto wawili na kabati la mninga aliloniachia mama. Wengi mlisema niachane na guta la matairi matatu, nichukue kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tuanze alfajiri kabla jua halijakolea. Nikafuata. Tripu mbili, saa nne tumeshamaliza.

Uliyesema vyombo nivifunge kwa khanga badala ya magazeti, Mungu akuzidishie. Imevunjika glasi moja tu, na hiyo niliiangusha mwenyewe.

Sasa kabati. Mliniambia nipime mlango. Nilipima mlango, kona ya korido sikuipima! Limekaa barazani siku tatu chini ya turubai, kuku wa jirani wakilala juu yake, hadi fundi alipokuja kung'oa miguu na milango. Elfu ishirini hiyo. Mguu mmoja bado unacheza, nimeuwekea kipande cha kigae chini yake.

Deni la maji la mpangaji aliyepita sikuuliza, japo mlinionya. Mwenye nyumba amekubali nusu tuikate kwenye kodi, nusu nimelipa mimi.

Ahsanteni sana jamani.