Tupeane uzoefu: krediti ulizopata kwa mtihani zimeandikwaje kwenye transkripti yako?

Mtoto wa Tabora (Minneapolis)

Habari za usiku ndugu zangu. Mada hii ni yetu sisi tuliosoma au tunaosoma vyuo vya Marekani huku tunafanya kazi, tukaamua baadhi ya masomo tuyamalize kwa mtihani badala ya kukaa darasani muhula mzima. Mbinu za kufaulu CLEP zimeshazungumzwa sana humu. Kinachoandikwa baada ya kufaulu ndicho sijaona kikizungumzwa, na hapo ndipo nilipoumia.

Naanza na yangu. Nilikuwa napakia mizigo ghalani zamu ya usiku, nasoma koledji ya miaka miwili mchana. Nikafanya mitihani mitano ya CLEP: uchumi mpana (macroeconomics), uchumi mdogo (microeconomics), aljebra, sosholojia na sheria za biashara. Kwa wasioijua, CLEP ni mitihani ya College Board, mingi ni ya dakika 90, alama zinaanzia 20 hadi 80, na vyuo vingi vinatoa krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyojumlishwa mpaka digrii, kuanzia 50. Uchumi mpana niliusoma miezi miwili kwenye mapumziko ya kazi, daftari juu ya boksi. Nikapata 71. Siku ile niliwapigia nyumbani Tabora saa kumi alfajiri ya kwao, mama akadhani kuna msiba.

Baada ya wiki chache nikafungua transkripti, ile karatasi ya matokeo ya chuo. Juu kabisa, kabla ya muhula wa kwanza, kuna kichwa cha krediti za kuhamia (zilizotoka nje ya chuo), na chini yake masomo matano, krediti 15, kila somo limewekewa herufi CR, yaani krediti bila gredi. 71 yangu haimo. Aliyepata 50 na mimi tumeandikiwa kitu kilekile. Nikajiambia sawa, krediti si zipo?

Miaka miwili baadaye nikahamia chuo kikuu. Nikapeleka transkripti ya koledji nikiamini mambo yote yamo humo. Barua ikarudi: krediti za mtihani hatuzipokei kupitia chuo kingine, leta matokeo yenyewe kutoka kwa waliotoa mtihani. Bahati nzuri College Board wanatunza matokeo ya CLEP miaka 20, nikaagiza. Yalipofika wakayapima upya kwa vigezo vyao. Uchumi zote mbili na aljebra zikaingia kama masomo ya lazima ya fani yangu. Sheria za biashara ikaingia kama somo la hiari, na nafasi za hiari nilikuwa nimeshazijaza. Sosholojia hawakuikubali. Krediti 15 zikawa 12 kwenye karatasi, na kwenye safari ya digrii zikawa 9.

Lau mtu angeniambia mapema niulize mambo matatu: kitaandikwa nini, kitaandikwa kama somo gani, na nikihama kitanifuata vipi. Hayo matatu tu.

Karibuni. Semeni mtihani ulikuwa upi, kimeandikwa nini, kimewasaidia au kimewagharimu nini. Majina ya vyuo tuyaache.

Nesi wa Usiku (Baltimore)

Asante kaka kwa kuanzisha. Mimi ni wa Kisii, niko uuguzi, na hii yangu iliniliza.

Nilikuwa CNA (msaidizi wa wauguzi), natafuta nafasi ya kuingia programu ya RN (muuguzi aliyesajiliwa). Programu ilitaka masomo ya awali: anatomia na fiziolojia, maikrobiolojia, takwimu, saikolojia ya ukuaji wa binadamu. Rafiki yangu mmoja wa kanisani alikuwa amefanya ile ya ukuaji wa binadamu kwa CLEP, akaniambia ni rahisi kwa mtu anayeshinda na wazee na watoto. Kweli, nilipita na 66. Koledji ikaandika krediti 3, herufi P.

Sasa vile programu huchagua watu ni kwa pointi. Wanachukua gredi zako za masomo ya awali, A ina pointi zake, B zake, wanajumlisha. P haina pointi. Walikubali kwamba sharti la somo limetimia, hawakunikatalia. Lakini kwenye hesabu ya ushindani ule mstari ulikuwa mtupu, na mwenzangu aliyekaa darasani akapata A alinipita hapo hapo. Mwaka huo nilikosa.

Nilipoenda kuomba nirudie somo darasani ili nipate gredi, wakasema krediti tayari unazo, ukirudia ni marudio, mojawapo itaondolewa. Ilibidi niandike barua krediti ya mtihani ifutwe kwanza. Ikafutwa, nikakaa darasani wiki 15, nikapata A, nikaingia mwaka uliofuata.

Dada yeyote anayesoma hapa na anaelekea uuguzi, ufamasia au udaktari: masomo ya kuombea nafasi yafanyeni darasani. Mtihani tumieni kwa historia, kwa fasihi, kwa yale ambayo hakuna atakayekupima nayo tena. Na sayansi hasa, programu nyingi za afya hazitaki kusikia krediti ya mtihani.

Bukavu Mpaka Iowa

Ndugu zangu, mimi nimetoka Kongo, tulikuja na familia kama wakimbizi. Kifaransa nimesomea tangu shule ya msingi mpaka diplome d'État, cheti cha kumaliza sekondari. Kiingereza kilinitesa. Nilipoingia chuo hapa nilijiona mjinga kila siku darasani.

Mshauri wa masomo akaniuliza, Kifaransa unajua? Nikafanya CLEP ya Kifaransa. Ile ina ngazi mbili: ukifika 50 ni ngazi ya kwanza, ukifika 59 ni ya pili na krediti zinaongezeka. Mimi nilipata juu ya 70. Chuo changu kikanipa krediti 9, na kwenye transkripti wakaandika majina ya masomo yao wenyewe ya Kifaransa, la kwanza, la pili na la tatu, kila moja na alama ya mtihani pembeni.

Kaka wa Tabora anaumia kwamba 71 yake haionekani. Namuelewa. Kwangu mimi, kuona tu jina la Kifaransa kwenye karatasi ya chuo cha Amerika, bila kulipa muhula wowote, lilinirudishia heshima. Niliichapisha, nikaonyesha baba. Baba alikuwa mwalimu kule.

Mama wa Mikindani (New Jersey)

Ongezeeni na hii, kwa sababu wengi wetu Kiswahili ndicho tunachokijua kuliko lugha yoyote. CLEP ya Kiswahili haipo. Lugha zao ni Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Mimi nilifanya mtihani wa kuzungumza wa ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, ule wa mahojiano ya simu. Unazungumza na mtu nusu saa hivi, anakupandisha maswali kidogo kidogo mpaka aone ukomo wako. Nilipata ngazi ya juu kabisa, Superior, na niliona fahari, maana yule mhoji aliniuliza habari za ndoa za mjini na nikamweleza kama ninavyomweleza binti yangu.

Lakini chuo changu hakikunipa krediti. Kiliandika sentensi moja chini ya transkripti: sharti la lugha ya kigeni limetimizwa. Krediti sifuri.

Hapo nikajifunza kwamba kusamehewa somo na kupewa krediti ni vitu viwili. Nilisamehewa, kwa hiyo sikulazimika kusoma Kihispania, ila zile krediti ilibidi nizijaze kwa masomo mengine, kwa fedha zangu. Ningejua ningeuliza kabla ya kulipia. Vipo vyuo vinavyotoa krediti kwa matokeo hayohayo, kwa sababu Baraza la Elimu la Marekani, ACE, linayo mapendekezo yake. Ila mapendekezo si amri, kila chuo kinaamua chenyewe.

Kijana wa Houston

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa viza ya F-1 kutoka Dodoma. Nilipita CLEP mbili wakati wa likizo, nikafikiri nina krediti 6 mkononi, kwa hiyo muhula unaofuata nikajisajili masomo matatu tu, krediti 9, nibaki na nafasi ya kupumua. Kwenye hesabu yangu 9 na 6 ni 15.

Ofisi ya wanafunzi wa kigeni wakaniita wiki ya pili. Sheria inataka krediti 12 za kujisajili kila muhula kwa mwanafunzi wa digrii ya kwanza. Krediti za mtihani zinaingia kwenye transkripti lakini si usajili, hazihesabiwi hata moja. Namshukuru Mungu dirisha la kuongeza masomo lilikuwa halijafungwa. Nilipata darasa la saa moja usiku, somo nisilolipenda, nikalichukua hivyo hivyo. Usiku ule sikulala, maana ningeipoteza viza kwa kujumlisha vibaya.

Mwenye Mafaili

Marahaba mwanangu, umeponea chupuchupu. Nimefanya kazi ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi miaka mingi, naomba nieleze upande wa ndani, maana naona maumivu mengi hapa yanatoka sehemu moja.

Chuo hakiandiki gredi ya A au B kwa mtihani wa nje kwa sababu gredi ni neno la mwalimu wake. Ile 71 haikutolewa na mwalimu wetu. Tunachoweza kusema ni kwamba tumeridhika unalijua somo, basi tunaweka krediti. Herufi zinatofautiana chuo na chuo: CR, P, T, TR, EX, wengine K. Maana yake mara nyingi ni ileile: krediti zinahesabiwa kwenye jumla, GPA (wastani wa gredi zako) haiguswi. Transkripti rasmi kwa kawaida ina ukurasa wa ufunguo unaoeleza herufi hizo, mara nyingi ni mgongoni. Watu hawausomi.

Mtihani wa chuo chenyewe, ule unaopewa na idara baada ya kuomba, ni jambo jingine. Hapo mtunzi ni mwalimu wetu, kwa hiyo vipo vyuo vinavyoweka gredi kamili. Kwa mfano koledji za umma za California: kanuni za jimbo zinaruhusu gredi, lakini zinalazimisha kumbukumbu ionyeshe wazi kwamba krediti ilipatikana kwa njia hiyo, na krediti hizo hazihesabiwi katika zile 12 ambazo lazima uzisome kwenye koledji husika ili upate digrii yake ya miaka miwili.

Kwa kaka wa Tabora: mfano wako ni wa kawaida. Chuo cha pili kinataka matokeo ya asili kwa sababu chuo cha kwanza kinaweza kuwa kimekubali 50 wakati wao wanataka alama kubwa zaidi. Herufi CR haiwaambii. Kwa hiyo 71 yako haikupotea, imekaa kwenye karatasi nyingine.

Na wanaopokea msaada wa masomo wa serikali kuu: krediti za mtihani zilizopokelewa kama za kuhamia zinaingia kwenye zile ulizojaribu na zile ulizokamilisha, zote mbili. Ukomo wa krediti za kujaribu ukiwa bado unapata msaada ni asilimia 150 ya urefu wa programu. Digrii ya krediti 120 ina ukomo wa 180. Ukirundika krediti zisizokuhusu unaula muda wako mwenyewe.

Baba Zawadi (alikuwa Texas, sasa Dar es Salaam)

Upande wa kurudi nyumbani. Nilikuwa jeshini kule, na askari aliye kazini mitihani ya CLEP na DSST (mingine ya aina hiyohiyo) hulipiwa na mpango wa elimu wa jeshi, DANTES, kwa hiyo nilifanya mingi. Transkripti yangu robo nzima ni CR.

Huku kwenye usaili mmoja, ofisa wa rasilimali watu aliishika karatasi akaniuliza kwa heshima kabisa: "Mzee, haya masomo hujapewa alama, ulifeli?" Kwetu somo lisilo na gredi ni la mtu aliyeahirisha au aliyeshindwa. Nilieleza, akaitikia kwa kichwa, lakini nililiona shaka.

Nikaandikia ofisi ya msajili ya chuo changu, nikaomba barua inayosema krediti hizi zimepatikana kwa mitihani ya kitaifa na zinahesabika sawa na za darasani katika kutimiza digrii. Wakatuma baada ya siku kumi. Tangu hapo popote ninapopeleka transkripti, barua hiyo naibana mbele na ukurasa wa ufunguo nyuma. Sijaulizwa tena.

Nesi wa Usiku

Mwenye Mafaili, swali. Ukifeli inaandikwa?

Mwenye Mafaili

Kwa mtihani wa nje, chuo ambacho hakijatoa krediti kwa kawaida hakiandiki chochote. Kwa mtihani wa idara uliza kwanza, wapo wanaoandika. CLEP ukifeli unasubiri miezi mitatu ndipo urudie mtihani uleule.

Mtoto wa Tabora

Baba Zawadi, hiyo barua sikuwahi kuiwazia. Mwenye Mafaili, nimegeuza transkripti yangu sasa hivi, ufunguo upo kweli, maandishi madogo ya kijivu. CR imeelezwa mstari wa tisa.

Mdogo wangu ana CLEP ya aljebra Ijumaa na bado hajachagua chuo cha kutumiwa matokeo. Nimemwambia asiende mpaka tupige simu vyuo vyote viwili anavyovifikiria. Tutapiga kesho saa tatu asubuhi wakifungua, nitarudi hapa kuwaandikia walichosema.